Umenunua gari? Usilikimbize, lisikilize kwanza

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga, na sijui kipya kinachowapandisha watu wa nyumba wazimu kama gari. Jioni ile letu lilipoingia mtaani, watoto waliacha chakula mezani, jirani wa ghorofa ya tatu akashuka na kandambili zake, na mlinzi wetu, ambaye hata salamu huziitikia kwa taabu, alifungua lango zima kana kwamba anapitisha msafara wa waziri. Mume wangu akawasha gari ili wote wasikie injini. Badala ya injini tukasikia sauti ya mwanamke kutoka kwenye dashibodi, tulivu na yenye adabu nyingi, ikisema maneno marefu kwa Kijapani. Kisha ikanyamaza.

Hakuna aliyecheka. Mume wangu alizima gari, akawasha tena. Mwanamke akarudia yale yale.

"Anasema kuna kitu kimeharibika," jirani akatoa hukumu, ingawa Kijapani alichokijua ni majina ya magari tu.

Usiku ule mimi na mume wangu hatukulala vyema. Tulikuwa tumechukua mkopo katika chama cha ushirika cha kazini, mkopo wa miaka minne, na hapa gari halijalala hata siku moja kwetu limeanza kulalamika. Iwapo na wewe msomaji unapanga kununua gari, au umelileta juzi na kila mlio unakukata maini, basi tuketi tuzungumze. Sisi hofu ya wiki za kwanza ilitugharimu karo ya muhula mzima ya watoto wawili, wala si gari lililokuwa na makosa.

Kuhusu mwanamke yule, ondoa shaka. Huko Japani barabara nyingi kuu hulipiwa, na magari huwekwa kisanduku kidogo kiitwacho ETC ambacho husoma kadi ya malipo. Anachosema kila unapowasha gari ni kwamba kadi hiyo haimo. Ni hayo tu. Hana habari na injini yako, breki zako wala mkopo wako.

Jipya kwa nani?

Hapa kwetu neno "gari jipya" lina maana mbili. Kuna jipya kabisa, lililotoka kiwandani na viti vingali ndani ya karatasi za plastiki. Halafu kuna jipya la wengi wetu, yaani lililotumiwa ng'ambo miaka kadhaa, likavuka bahari, likateremshwa Mombasa, na sasa ni jipya machoni mwako tu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hivyo mengi ya haya huwa na umri wa miaka sita au saba. Yote mawili yanahitaji kuzoezwa, lakini si kwa njia moja, na hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo.

Nianze na lile jipya kabisa. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, huuza chakula cha kuku huko Ruiru, na alinunua pikapu ambayo haikuwa imekwenda hata kilomita 30. Siku aliyoichukua alitaka kuiteremsha moja kwa moja hadi Mombasa "ili ifunguke mapafu." Bahati njema, yeye ni mtu wa kusoma kila kitu, hata maandishi yaliyo nyuma ya pakiti ya dawa ya panya. Akasoma kitabu cha gari usiku kucha na asubuhi yake safari ya Mombasa ikafutwa.

Sababu ni hii. Ndani ya injini mna silinda, na ndani ya kila silinda pistoni hupanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika. Pistoni huvishwa ringi za chuma, ambazo kazi yake ni kuziba ili nguvu ya mlipuko isivujie chini, na oili nayo isipande juu ikaungua pamoja na petroli. Kule kiwandani ukuta wa silinda huchanjwa mistari myembamba sana iliyokatana kama nyuzi za wavu. Katika kilomita za mwanzo zile ringi husuguana na mistari hiyo kidogo kidogo mpaka zikakaa sawasawa. Ukilikimbiza gari kabla ya hapo, joto huzidi na msuguano huwa mbaya. Lakini ukilibembeleza mno kama yai, ukienda mwendo wa jeneza kila siku, ringi nazo hazisukumwi vya kutosha dhidi ya ukuta. Gari jipya hutaka kazi ya kadiri, yenye kubadilika.

Vitabu vya Toyota, kwa mfano, humweleza mwenye gari kwamba katika kilomita 300 za kwanza aepuke kufunga breki ghafla. Katika kilomita 800 za kwanza asivute trela. Na mpaka zitimie kilomita 1,000 asiende kasi kupita kiasi, asikanyage mafuta kwa ghafla, asiendeshe kwa muda mrefu katika gia za chini, na asishikilie mwendo ule ule mmoja kwa muda mrefu. Hilo la mwisho ndilo lililoivunja safari ya shemeji. Ukishapita Emali kwenda Mtito Andei barabara imenyooka, na dereva huweka mguu mahali pamoja hadi usingizi umjie. Kwa injini ambayo haijazoea, hiyo si njia nzuri ya kuanza maisha.

Basi akafanya biashara yake kama kawaida. Alipeleka magunia machache Githunguri, akapanda Limuru, akateremka, akasimama kwa wateja, akaingia foleni za Thika Road na kutoka. Milima, mabonde, gia kubadilishwa kila mara. Alipofikisha kilomita 1,000 hakuwa amefanya safari hata moja ya kujivunia, na pikapu yake hadi leo oili yake haipungui ovyo.

Breki nazo hujuana polepole. Pedi mpya na diski mpya hazijagusana vyema, na ndiyo maana siku za kwanza gari huchelewa kidogo kusimama. Hata tairi mpya huwa na utelezi, kwa sababu hupakwa kitu cha kuzuia zisigande kwenye kalibu zinapotengenezwa, na utelezi huo huisha baada ya mwendo wa kilomita mia moja hivi au zaidi. Kama umenunua gari katika msimu wa mvua, acha nafasi kubwa kati yako na lililo mbele. Matatu itaingia katika nafasi hiyo, najua. Iache iingie.

Zamani kule Uingereza gari jipya lilikuwa likibandikwa tangazo nyuma kuwaomba madereva wengine walipite, maana lilikuwa bado linazoezwa. Sidhani kama tangazo hilo lingekufaa chochote pale mzunguko wa Pangani.

Bado kuna suala la oili. Mzee yeyote aliyewahi kumiliki Peugeot 504 au Datsun atakuambia uimwage oili ya kwanza ukifika kilomita 1,000. Katika injini za enzi zao alikuwa na haki, kwani oili ile ilitoka na unga wa chuma. Injini za siku hizi huchongwa kwa usahihi zaidi, na watengenezaji wengine, Honda wakiwamo, huonya wazi kwamba oili ya kiwandani isimwagwe kabla ya wakati wake. Fuata kitabu chako, si cha mzee. Ila usiache kuipima. Injini mpya huweza kula oili kidogo mpaka ringi zikae, na anayepima kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa limepoa na limesimama mahali tambarare, hashtukizwi.

Letu lilikuwa la pili

Sasa niseme yetu. Gari letu lilikuwa dogo, la miaka saba, safi kama kikombe cha wageni. Kwa gari la namna hii zile ringi zilikwishakaa zamani, mikononi mwa mtu mwingine. Kinachozoezwa hapa ni wewe, pamoja na sehemu zake zilizozoea barabara laini zinazokutana sasa na matuta ya mtaani kwako.

Hapa ushauri wa oili hugeuka. Usingoje. Hujui ilimwagwa lini, na gari limekaa melini na bandarini kwa wiki nyingi. Badilisha oili ya injini na filta yake katika siku za kwanza, utazame maji ya rejeta, mafuta ya breki na betri. Kisha inama uzitazame tairi. Pembeni mwa kila tairi mna namba nne zinazoeleza ilitengenezwa lini. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yaweza kuwa na meno mazuri na kumbe ni mzee wa kupasuka. Ukiona pia neno STUDLESS, jua hizo ni tairi za theluji, ambazo mpira wake ni laini na haukukusudiwa lami ya moto ya Voi. Fungua na buti uhakikishe jeki ipo, spana ya magurudumu ipo, na kama nati moja katika kila gurudumu ina umbo la peke yake, basi kifunguo chake kipo. Wengi hugundua hakipo wakiwa wamepata pancha saa tatu usiku.

Sisi hatukufanya hata moja katika hayo. Tulishughulika na redio. Redio za magari ya Japani hufikia masafa ya 90, mpya zaidi 95, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hivyo tulikuwa tukisikia stesheni mbili tatu na mikwaruzo. Ilitubidi tufungiwe kifaa kidogo cha kuongeza masafa.

Wiki ya pili mume wangu akaanza kusema kwamba gari hutetemeka asubuhi. Ni kweli, ukiliwasha alfajiri injini ilikuwa ikizunguka kwa nguvu, gari likitikisika kidogo, na katika dashibodi ikawaka taa ya buluu yenye picha ya kipimajoto. Baada ya dakika chache taa ilizima na injini ikatulia. Leo najua kwamba hilo ndilo gari linavyotakiwa kufanya. Injini baridi hujizungusha haraka ili ipate joto, na taa ya buluu husema tu kwamba bado haijapata. Ikiwa nyekundu ndiyo ya kuogopa. Kitabu kingetuambia, lakini kitabu chetu kilikuwa cha Kijapani, na hatukuwa na wazo la kutafuta cha Kiingereza cha gari la aina ile ile.

Tukamwita fundi wa pale mtaani. Sitamtaja, kwa sababu si mtu mbaya na bado hututengenezea milango. Mimi ndiye niliyemweleza tatizo, naye akamjibu mume wangu.

"Mzee, hii giaboksi imekauka. Tuongeze mafuta kabla haijakufa."

Hakupima kitu ambacho mimi niliona. Alifungua kizibo, akamimina mafuta mekundu ya giaboksi za otomatiki za kawaida, akafunga, akalipwa, akanawa mikono. Giaboksi yetu haikuwa ya kawaida. Ilikuwa ya CVT, ile isiyo na gia za hatua kwa hatua bali mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kubanana. Mkanda ule unahitaji mafuta yake maalumu ili ushike bila kuteleza. Ukiutilia mengine, huenda usione lolote siku hiyo. Wala kesho.

Sisi tuliona baada ya siku kumi na sita. Ilikuwa Jumapili, tunarudi kutoka Naivasha na watoto, tukapita Mai Mahiu na kuanza kuupanda ule mwinuko wa kwenda Limuru. Wanaoijua barabara ile wanajua ilivyo. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde lote la ufa limelala chini yako, na nyuma yako lori lililobeba shehena ambalo dereva wake hataki kupoteza mwendo. Mume wangu akakanyaga mafuta, injini ikapiga kelele, lakini gari halikuongeza mwendo. Akakanyaga zaidi. Kelele zaidi, mwendo ukapungua. Honi ya lori ikatujia kama ya garimoshi. Watoto, waliokuwa wakiimba, wakanyamaza wote kwa pamoja, na kimya kile ndicho ninachokikumbuka kuliko honi.

Aliwasha taa za dharura, akajisogeza hadi kwenye kipande kidogo cha changarawe, tukasimama na magurudumu mawili yakiwa karibu na mtaro. Lori lilipita, gari letu likayumba kwa upepo wake. Tulishuka upande wa mlimani, mmoja mmoja, tukangoja gari la kuvuta kwa saa mbili na nusu huku wauza ngozi za kondoo wakidhani tumesimama kununua.

Gereji tuliyopelekwa ilikuwa na fundi mwanamke kijana. Alimwaga mafuta kutoka kwenye giaboksi, akatuonyesha mchanganyiko wake ndani ya karai, na unga wa chuma uliokuwa uking'aa. Mkanda ulikuwa umekwaruzika. Tulinunua giaboksi nyingine ya mtumba. Nilimwuliza kama ile ya kwanza ilikuwa imekauka kweli. Akanitazama kwa huruma, akasema kwa kiasi alichomwaga, haikuwa imepungua, na kwamba mtetemeko wa asubuhi haukuhusu giaboksi hata kidogo.

Mlio upi wa kuogopwa?

Tangu siku ile nimejifunza kuuliza kabla ya kufungua. Mengi yanayomtisha mtu mwenye gari jipya si ugonjwa. Harufu ya kuungua katika siku za mwanzo za gari la kiwandani mara nyingi ni mafuta ya kuzuia kutu yanayochomeka juu ya bomba la moshi, nayo huisha. Vile vitik-tik unavyosikia baada ya kuzima ni chuma kinachopoa. Breki zikikwaruza asubuhi baada ya mvua, au gari likiwa limetoka Mombasa penye upepo wa chumvi, ni kutu nyepesi juu ya diski ambayo hufutika ukifunga breki mara chache. Ukiona gari limedondosha maji chini yake nawe ulikuwa umewasha kiyoyozi, gusa kwa kidole. Yakiwa maji matupu, nenda zako. Yakiwa na rangi ya kijani, ya waridi, mekundu au ya kahawia, na yana utelezi, hiyo ni habari nyingine.

Wapo pia wanaotoka Mombasa na gari wakifika Limuru wanalalamika kwamba limechoka. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na taboi hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nairobi tayari iko karibu mita 1,700. Gari ni zima, ni hewa iliyopungua.

Sasa yale ya kuogopa. Taa nyekundu yenye picha kama birika linalodondosha tone ni ya msukumo wa oili. Ikiwaka ukiwa njiani, simama mahali salama uzime injini hapo hapo, usiseme utafika nyumbani kwanza. Taa nyekundu ya joto ni vivyo hivyo, na usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto. Kikanyagio cha breki kikizama chini kuliko jana, gari lisiondoke. Taa ya manjano ya injini ikiwaka tu bila kumweta, endesha taratibu ukapimwe kwa mashine. Ikimweta, injini haichomi petroli yake vyema na unaweza kuharibu kisafishaji cha moshi, ambacho ni ghali, kwa hivyo simama. Na usukani ukianza kutetemeka baada ya magurudumu kufunguliwa mahali fulani, kaza nati kabla ya jambo lingine lolote. Nati huwa vyema zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100 tangu gurudumu lilipofunguliwa.

Kwa wenye magari ya kiwandani yaliyo na dhamana, neno moja. Kwa muda wa dhamana usimruhusu mtu mwingine kufungua kitu ambacho muuzaji angekutengenezea bure. Mlango usiofunga vyema, kioo kinacholia, kiti kinachochezacheza, yaandike na uyapeleke yote pamoja siku ya sevisi ya kwanza. Shemeji yangu alipeleka orodha ya mambo kumi na moja. Tisa yalirekebishwa, mawili akaelezwa ni kawaida, naye akaandika hata hayo.

Daftari lake ndilo nililoiga. Letu hukaa ndani ya mlango wa dereva. Limeandikwa tarehe, kilomita, kilichosikika, gari lilikuwa moto au baridi, lilikuwa likipanda au likiteremka. Fundi kijana wa gereji ile husema likimfikia gari lenye daftari huanza kazi akiwa nusu amemaliza. Na ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu, mume wangu ameandika aina ya mafuta ya giaboksi, herufi kwa herufi.

Mwezi uliopita fundi huyo alijitolea kukitoa kile kisanduku cha ETC ili tusisumbuliwe tena. Watoto walikataa katakata. Wamekwisha kumpa yule mwanamke jina la Shangazi, na kila asubuhi ya shule akimaliza kusema yake, mdogo humwitikia kutoka kiti cha nyuma, "Asante, Shangazi, tumesikia," ndipo tunapotoka langoni.